Chini ya Mwamba wa Simba: Miaka 100 na Zaidi ya Hekalu la Wong Tai Sin, Hong Kong

Kaskazini mwa rasi ya Kowloon, jiji la Hong Kong linaishia ghafla. Maghorofa yamesongamana mpaka miguuni mwa milima, kisha unaanza msitu, na juu ya msitu kuna jabali lenye umbo la simba aliyelala, limeinuka mita 495 kutoka usawa wa bahari. Wenyeji huliita Mwamba wa Simba. Kwenye mteremko ulio chini yake, katikati ya majengo ya makazi ya watu wa kipato cha chini, zinaonekana paa za vigae vya rangi ya dhahabu na nguzo nyekundu, na moshi wa udi unapanda tangu asubuhi hadi jioni. Hapo ndipo lilipo hekalu la Wong Tai Sin.

Lilianzishwa mwaka 1921 kwenye ardhi ya kijiji cha wakulima kilichoitwa Chuk Yuen, yaani bustani ya mianzi. Mwaka 2021 lilitimiza miaka 100. Kijiji kile cha zamani kimemezwa na jiji, lakini jina la hekalu limeenea: wilaya nzima inaitwa Wong Tai Sin, na kituo cha treni ya chini ya ardhi kilicho mlangoni pake, kilichofunguliwa mwaka 1979, kinaitwa hivyo hivyo.

Historia hii inafuata safari ya hekalu hilo na ya Sik Sik Yuen, taasisi inayoliendesha. Ni safari iliyoanza na mgonjwa aliyetafuta dawa. Moto, sheria, vita na uhaba wa ardhi vilipolitishia hekalu, kazi hiyo ya kwanza ya kumhudumia mgonjwa na maskini ndiyo iliyolibakisha.

Hadithi ya mchungaji na mawe meupe

Kabla ya hekalu kulikuwa na hadithi. Ge Hong, mtaalamu wa Utao (dini ya kale ya Kichina) aliyeishi karne ya 3 na ya 4, aliiandika katika kitabu chake cha wasifu wa watu wasiokufa, na tangu hapo Wachina wameirithishana kwa mdomo na kwa maandishi.

Wong Cho-ping alizaliwa katika familia maskini huko Jinhua, katika jimbo ambalo leo ni Zhejiang, mashariki mwa China. Tangu utotoni alichunga kondoo. Alipofika miaka 15 alikutana malishoni na mtawa wa Kitao. Mtawa alimtazama kijana, akaona utulivu wake, akamchukua hadi kwenye pango la mlimani kumfundisha elimu ya kutafuta uzima usiokoma. Kijana hakurudi nyumbani jioni ile. Hakurudi kesho yake wala mwaka uliofuata.

Kaka yake, Wong Cho-hei, hakuchoka kumtafuta. Ilipita miaka 40. Siku moja sokoni alikutana na Mtao mmoja mjuzi wa ramli, akamuuliza habari za mdogo wake aliyepotea. Yule akamjibu kwamba mlimani yupo mchungaji mmoja, huenda ndiye. Wakapanda pamoja. Ndugu wawili walipoonana walilia kwa furaha, kisha kaka akauliza swali ambalo mfugaji yeyote angeliuliza: kondoo wako wapi?

“Wako upande wa mashariki wa mlima,” mdogo akajibu.

Kaka akaenda kutazama. Hakuona kondoo, aliona mawe meupe tu yaliyotapakaa mteremkoni. Akarudi akiwa na mashaka. Ndipo Wong Cho-ping akafuatana naye hadi pale, akayapigia mawe ukelele wa kuyaamuru yasimame. Mawe yakatikisika, yakainuka, yakawa kondoo kwa maelfu. Kaka hakutaka tena kurudi bondeni. Alibaki mlimani naye ajifunze elimu ile.

Baada ya hapo mchungaji alijulikana kwa jina la Chisongzi, bwana wa msonobari mwekundu. Waumini wa Kikantoni humwita Wong Tai Sin, yaani Mkuu Asiyekufa wa ukoo wa Wong. Watu wa kusini wamempenda kwa sababu hadithi yake haina ufalme wala upanga. Inamhusu mtoto wa maskini na kaka aliyemtafuta ndugu yake miaka 40 bila kukata tamaa.

1894–1915: Tauni na sinia la mchanga

Kwa karne nyingi Wong Tai Sin aliheshimiwa hasa kwao Jinhua. Kilichompeleka kusini ni maradhi. Mwaka 1894 tauni iliingia Guangzhou, ikavuka hadi Hong Kong, ikaua maelfu ya watu. Ni wimbi lilelile la tauni lililosafiri na meli hadi pwani ya Afrika Mashariki, likafika Nairobi mwaka 1902, na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto ili kuuzuia ugonjwa usienee.

Katika hofu hiyo, watu wa mkoa wa Guangdong walitafuta msaada kila mahali. Mwaka 1897, katika kijiji kimoja cha Panyu karibu na Guangzhou, kikundi cha watu waliosoma kilianza kufanya ibada ya kale ya maandishi ya mizimu. Hutandazwa mchanga kwenye sinia. Mtu hushika kijiti chenye panda juu ya mchanga, na kijiti huanza kwenda chenyewe, kikichora herufi moja baada ya nyingine. Msomaji huzitaja kwa sauti, mwandishi huziandika, mchanga hulainishwa, kijiti huanza tena. Aliyejitambulisha kwenye mchanga ule, kwa imani yao, alikuwa Wong Tai Sin. Alisimulia maisha yake mwenyewe, akatoa mafundisho ya maadili, na zaidi ya yote akataja dawa: majani gani, mizizi gani, kwa kipimo gani.

Madhabahu yao waliyaita Puji, neno lenye maana ya kuwasaidia wote. Habari zikaenea. Mwaka 1899 hekalu kubwa lilijengwa Fangcun, ukingoni mwa Mto Lulu, sehemu ambayo leo iko ndani ya jiji la Guangzhou. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaokwenda Guangzhou kuchukua bidhaa huenda wamepita karibu nayo bila kujua kisa chake.

Miongoni mwa waanzilishi wa ibada hiyo alikuwa Leung Yan-am, mtumishi wa idara ya forodha. Mwaka 1901 alirudi kwao, eneo la Xiqiao, akaanzisha hekalu jingine kijijini. Lakini siasa za China zilikuwa zinachafuka. Mapinduzi ya 1911 yaliuangusha utawala wa kifalme wa Qing, na serikali mpya ziliyatazama mahekalu ya kienyeji kwa jicho la mashaka. Mwaka 1915 Leung Yan-am na mwanawe, Leung Kwan-chuen, walifunga safari ya kwenda Hong Kong. Mzigo wao wenye thamani kuliko yote ulikuwa mchoro mmoja wa Wong Tai Sin.

1915–1921: Duka la dawa la Wan Chai

Hong Kong ya wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza na bandari yenye pilikapilika. Wahamiaji hawa hawakuwa na ardhi wala fedha za kujenga hekalu. Walichokuwa nacho ni ujuzi wa dawa. Wakafungua duka la mitishamba mtaa wa Wan Chai, na ndani yake wakautundika mchoro.

Mgonjwa aliingia, akapiga magoti mbele ya picha, akatikisa kopo la vijiti mpaka kijiti kimoja kikaanguka. Namba ya kijiti ilimpa karatasi ya dawa. Karatasi hizo zimepangwa katika mafungu matano: za wanaume, za wanawake, za watoto, za maradhi ya nje ya mwili na za macho. Kila fungu lina karatasi 100, jumla 500. Mgonjwa aliichukua karatasi yake hadi kwenye meza ya duka, mizizi na majani yakapimwa kwenye mizani, yakafungwa kwenye karatasi, akaenda nyumbani kuchemsha.

Mwaka 1918 duka liliungua. Mchoro ulinusurika. Waumini waliendelea kukutana, lakini ilikuwa wazi kwamba wanahitaji mahali pao wenyewe, mbali na msongamano wa mitaa ya kibiashara.

Hapa historia na masimulizi ya imani vinaungana. Inasimuliwa kwamba mwaka 1921, kupitia sinia la mchanga, Wong Tai Sin aliwaelekeza wafuasi wake wavuke bahari hadi Kowloon, kisha watembee kuelekea kaskazini, upande wa milima. Walifika Chuk Yuen, chini ya Mwamba wa Simba, wakaweka alama kwenye mteremko. Waliporudi kuuliza, jibu lilikuja kwamba pale ni mahali pa baraka, penye umbo la bawa la ndege wa kifalme wa Kichina. Mlima nyuma, bonde mbele, maji yakitiririka: kwa elimu ya Wachina ya kuchagua viwanja, hakuna zaidi ya hapo.

Ardhi ikapatikana, majengo ya kwanza yakasimama mwaka huohuo. Madhabahu yalipewa jina la Pu Yi Tan, na uwanja mzima ukaitwa Sik Sik Yuen, jina linalobeba maana ya bustani ya kujizuia na tamaa. Kauli waliyojiwekea ilikuwa fupi: kuwasaidia wote na kuhimiza wema.

1921–1941: Bustani ya faragha, dawa ya hadhara

Miaka ya mwanzo hekalu lilikuwa la wanachama. Watu waliingia kama wanafunzi wa imani, wakafuata kanuni, wakasoma, wakafanya ibada. Hata hivyo huduma haikungoja uanachama. Mwaka 1924 taasisi ilifungua zahanati ya mitishamba Kowloon City, umbali mfupi kutoka hekaluni, ikatibu na kutoa dawa bure. Kuli wa bandarini, mchuuzi wa mboga, mama mwenye mtoto wa homa: wote walihudumiwa bila kuulizwa dini.

Katika kipindi hiki ndipo sura ya hekalu ilipokamilika. Imani ya watu wa kawaida wa Kusini mwa China haiweki ukuta kati ya Utao, Ubudha na mafundisho ya Confucius, na majengo ya Sik Sik Yuen yanaonyesha hivyo. Katika jengo kuu anakaa Wong Tai Sin. Pembeni yake kuna ukumbi wa Watakatifu Watatu, ukumbi wa Confucius, na kibanda cha Buddha wa Taa. Mpangilio unafuata pia elementi tano za falsafa ya Kichina. Jengo la shaba linawakilisha chuma, ukumbi wa maandiko unawakilisha mti, chemchemi inawakilisha maji, kibanda cha Buddha wa Taa kinawakilisha moto, na ukuta ulio mbele unawakilisha udongo.

Kikwazo kikubwa cha wakati huo kilikuwa sheria. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya mahekalu ya Kichina, kwa lengo la kuwadhibiti watu waliogeuza ibada kuwa biashara ya kujinufaisha. Mahekalu ya umma yaliwekwa chini ya usimamizi wa kamati maalumu. Sik Sik Yuen ilijikuta njia panda, na kuanzia 1934 ikawa mahali pa faragha. Umma uliruhusiwa kuingia katika mwezi wa kwanza wa mwaka wa Kichina tu.

Ulikuwa uamuzi mgumu kwa watu walioahidi kuwasaidia wote. Waumini wasio wanachama walibaki nje ya lango, wakichoma udi wao kuelekea ndani.

1941–1956: Vita, wakimbizi na tishio la ardhi

Desemba 1941 jeshi la Japani liliivamia Hong Kong, na kwa miaka mitatu na miezi minane wakazi waliishi katika njaa na hofu. Uwanja wa ndege wa Kai Tak, ulio jirani, ulipanuliwa. Mitaa na vijiji vilibomolewa kuupisha, na mawe ya kuta za ngome ya kale ya Kowloon Walled City yakachukuliwa kwa ujenzi huo. Hekalu halikubomolewa. Kwa wazee wa eneo hilo huo ulikuwa ushahidi tosha wa ulinzi wa mchungaji, na walizidi kumheshimu.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Hong Kong ilikuwa na watu wapatao 600,000. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya China na ushindi wa Wakomunisti mwaka 1949 vilileta wakimbizi kwa mamia ya maelfu, na ndani ya miaka michache idadi ya watu ilizidi milioni 2. Vibanda vya mbao na mabati vilijaa kwenye miteremko yote ya Kowloon. Usiku wa Krismasi mwaka 1953 moto ulizuka Shek Kip Mei, watu zaidi ya 50,000 wakakosa makazi kwa usiku mmoja. Serikali ikaanza mpango mkubwa wa kujenga majengo ya kuwahamishia wakimbizi.

Ardhi ilihitajika, na ardhi ya Chuk Yuen ilikuwa kwenye ramani ya mpango huo. Mwaka 1956 Sik Sik Yuen ilikabiliwa na uwezekano wa kuhamishwa. Taasisi ambayo kwa miaka zaidi ya 20 ilikuwa imefunga lango lake haikuwa na hoja nyingi za kuitetea mbele ya umma.

Ndipo uongozi ulipochukua hatua iliyobadilisha kila kitu. Wong Wan-tin, kiongozi wa taasisi wakati huo, alitafuta mwafaka na serikali pamoja na Tung Wah, kundi la hospitali na misaada lililoanzishwa mwaka 1870 na ambalo kila mkazi wa Hong Kong alilijua. Hekalu lingefunguliwa kwa watu wote. Kila anayeingia angelipa senti 10 getini, na fedha hizo zingekwenda Tung Wah kusaidia hospitali na shule za maskini.

Serikali ilikubali. Hekalu likabaki.

Kuanzia hapo familia za wakimbizi zilizohamia kwenye majengo mapya zilipata jirani. Wengi wao walitoka Guangdong, na jina la Wong Tai Sin walikuwa wamelisikia kwa bibi zao. Walikuwa watu waliopoteza mashamba, nyumba na ndugu. Mungu wao naye alikuwa amefika Hong Kong kama mhamiaji, amebebwa mkononi, akaanzia kwenye duka la kupanga.

1956–1991: Kujenga kwa upya, kuhudumia kwa mapana

Mafanikio ya lango lililofunguliwa yalileta majukumu mapya. Mwaka 1965 Sik Sik Yuen iliandikishwa rasmi kuwa taasisi ya hisani isiyogawana faida, ikawa na bodi ya wakurugenzi na hesabu zinazokaguliwa. Kazi ya kulijenga upya jengo kuu ilikamilika mwaka 1973, na jengo hilo ndilo wageni wanaloliona leo: paa la dhahabu, nguzo nyekundu, nakshi za buluu na kijani chini ya mapaa.

Sambamba na ujenzi huo huduma zilipanuka. Mwaka 1969 ilifunguliwa Ho Lap College, shule ya kwanza ya sekondari ya taasisi. Zilifuata nyingine, za sekondari, za msingi na za chekechea, nyingi zikiwa na neno Ho mwanzoni mwa jina, hivi kwamba mtoto wa Kowloon akitaja shule yake wengi hujua mara moja ni ya nani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 taasisi iligeukia wazee, ambao wengi wao walikuwa wakimbizi wa miaka ya 1950 walioanza kuchoka, wengine bila watoto wa kuwatunza. Zahanati nayo ikapata jengo jipya, na daktari wa hospitali akafanya kazi chini ya paa moja na mganga wa mitishamba.

Bustani pia zilipendezeshwa. Ukuta wa Majoka Tisa ulijengwa kwa kuiga ule wa bustani ya Beihai, Beijing. Bustani ya Nia Njema ilifunguliwa mwaka 1991, ikiwa na ujia mrefu wenye michoro kama ule wa kasri la kiangazi la wafalme wa Beijing.

1991 hadi sasa: Urithi wa taifa

Uhuru wa ibada ulipoanza kurudi China bara, safari ya mchungaji iligeuka. Mahekalu ya huko yalikuwa yameharibika au kubomolewa. Hekalu la Fangcun lilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 1999, na waumini wa Hong Kong walianza kufanya ziara za mlimani Jinhua, kwenye asili ya hadithi. Imani iliyokuwa imekimbilia Hong Kong ilirejea kwao kupitia Hong Kong.

Nyumbani, mwaka 2011 ulifunguliwa ukumbi wa chini ya ardhi wa Tai Sui, wenye sanamu 60, kila moja ikisimamia mwaka mmoja katika mzunguko wa miaka 60 wa kalenda ya Kichina. Mgeni hutafuta sanamu ya mwaka aliozaliwa na kusali mbele yake. Mwaka 2014 imani na desturi za Wong Tai Sin za Hong Kong ziliingizwa katika orodha ya China ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Janga la korona lilipofika, milango ilifungwa kwa muda na mkesha maarufu wa mwaka mpya ukakosa umati wake. Karne ya kwanza ilitimia katika utulivu usio wa kawaida.

Siku moja hekaluni

Nguvu ya mahali hapa inaonekana vizuri zaidi kwenye uwanja ulio mbele ya jengo kuu. Watu wamepiga magoti kwenye mito midogo, bega kwa bega. Binti aliyevaa sare ya benki yuko karibu na mzee mwenye mkongojo. Kila mmoja ameshika kopo la mwanzi lenye vijiti 100 vilivyoandikwa namba, amelilaza kidogo, analitikisa. Sauti ya vijiti vingi vikigongana ni kama mvua juu ya bati. Kisha kijiti kimoja kinatangulia wenzake, kinaanguka sakafuni. Namba inaandikwa kwenye kipande cha karatasi, na mwenye namba anaelekea kwenye vibanda vya wapiga ramli walio kando ya hekalu ili wamfasirie.

Kila namba ina shairi na kisa cha kale. Namba 1 inamhusu Jiang Ziya, mzee aliyekaa mtoni akivua samaki kwa subira mpaka mfalme akamkuta na kumfanya waziri wake mkuu. Anayeipata hiyo huondoka anatabasamu. Maswali yenyewe ni yaleyale ya binadamu popote: nitapona? Mtoto atafaulu mtihani? Huyu bwana ni wa kuolewa naye?

Usiku mkubwa kuliko yote ni mkesha wa mwaka mpya wa Kichina. Maelfu hujipanga saa nyingi nje ya uzio, wengine wamevaa mavazi ya mnyama wa mwaka huo, wakisubiri lango lifunguliwe wakimbilie kuchoma udi wa kwanza. Sikukuu ya Wong Tai Sin mwenyewe huadhimishwa siku ya 23 ya mwezi wa nane wa kalenda ya Kichina.

Awamu za uongozi

Uongozi wa taasisi umepita katika awamu tatu. Ya kwanza ni ya waanzilishi, akina Leung baba na mwana pamoja na wafuasi wao wa karibu, ambapo mwelekeo ulitoka kwenye sinia la mchanga na kazi kuu zilikuwa za mwandishi, msomaji na mtoa dawa. Ya pili ni ya wapatanishi, iliyoongozwa kwa muda mrefu na Wong Wan-tin, ambapo viongozi waliingia katika mazungumzo na serikali, wakafungua lango na kuijengea taasisi sura ya kisheria. Ya tatu ni ya bodi na watumishi wa kitaaluma: wakurugenzi wanaochaguliwa na wanachama, wasimamizi wa ibada, walimu wakuu, madaktari na maofisa ustawi wa jamii.

Katika awamu zote tatu wapo ambao majina yao hayakuandikwa popote. Ni wafagizi wa majivu ya udi, wapimaji wa mizizi kwenye mizani, walinzi wa usiku wa mkesha. Maadhimisho ya miaka 100 ni yao pia.

Jedwali la matukio makuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1897 | Ibada ya Wong Tai Sin yaanza Panyu, Guangdong |
| 1899 | Hekalu la Fangcun, Guangzhou, lajengwa |
| 1901 | Leung Yan-am aanzisha hekalu kijijini kwao, Xiqiao |
| 1915 | Mchoro wa Wong Tai Sin waletwa Hong Kong |
| 1918 | Duka la dawa la Wan Chai laungua |
| 1921 | Hekalu laanzishwa Chuk Yuen, chini ya Mwamba wa Simba |
| 1924 | Zahanati ya mitishamba yaanza kutibu bure |
| 1934 | Hekalu lawa la faragha |
| 1956 | Lango lafunguliwa kwa umma, kiingilio senti 10 kwa ajili ya Tung Wah |
| 1965 | Sik Sik Yuen yaandikishwa kuwa taasisi ya hisani |
| 1969 | Ho Lap College yafunguliwa |
| 1973 | Ujenzi upya wa jengo kuu wakamilika |
| 1979 | Kituo cha treni cha Wong Tai Sin chafunguliwa |
| 1991 | Bustani ya Nia Njema yafunguliwa |
| 2011 | Ukumbi wa Tai Sui wafunguliwa |
| 2014 | Imani na desturi zaingizwa katika orodha ya taifa ya urithi |
| 2021 | Miaka 100 ya hekalu |

Kwa mgeni anayekuja

Hekalu liko wazi kila siku. Msomaji atakayepita Hong Kong, akiwa safarini kibiashara au kimasomo, apande treni hadi kituo cha Wong Tai Sin na atoke kwa mlango B2; lango liko hatua chache tu mbele yake. Siku hizi hakuna kiingilio, mgeni hutoa sadaka apendavyo. Akifika mbele ya jengo kuu, atazame ndani kupitia moshi. Hataona sanamu juu ya madhabahu. Ataona mchoro uleule ulioletwa mwaka 1915 na baba na mwana kutoka Guangdong.